Damu ya Kulinganishia

Jumapili, 3 Februari

Mjukuu wangu Chiriku,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi ni mzima wa kizee: magoti yamegoma, moyo unakwenda kwa kusuasua, lakini kichwa bado ni changu. Daktari wa moyo ameniambia nianze kupanga mambo yangu. Nilimuuliza nipange kwa miaka au kwa miezi, akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Nikamwelewa.

Utashangaa kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu inanipa maneno nusu nusu, nami nikijibu napiga kelele mtaa mzima unasikia. Na Mjomba wako unamjua, macho hakupewa lakini masikio alipewa ya watu wanne. Sasa hivi yuko chumba cha pili anapiga pasi shati la kazini, na anajua kwamba naandika. Kesho akienda hospitalini kwenye meza yake ya simu atapitia posta, kwa hiyo barua hii utaipata kwa hisani yake.

Mama yako ameniambia kwamba wewe na mume wetu mmeanza kufikiria mtoto. Nimefurahi. Nina ombi moja tu la kibibi. Kabla hujashika mimba, kula maini mara moja kwa wiki, si zaidi, na mayai usiyadharau. Usiniulize kwa nini. Wazee tuna mambo yetu.

Msalimie mume wetu, mwambie mke mkubwa anamkumbuka.

Bibi yako

*

Alhamisi, 14 Februari

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Umechelewa! Mtoto keshafikiriwa zamani, naingia mwezi wa tatu. Hata Mama nilimficha mpaka juzijuzi, maana nilijua nikimwambia yeye nimewaambia wateja wote wa saluni.

Maini nayo yameniletea balaa. Nilipomwambia muuguzi wa kliniki kwamba nimeshauriwa kula maini, alinitazama kama niliyemwambia nakunywa mafuta ya taa. Akasema mjamzito asile maini ovyo, vitamini A ikizidi inamharibu mtoto. Nikajitutumua, nikasema bibi yangu alipima damu za watu kwenye maabara miaka thelathini. Akasema, "Basi aje yeye akuzalishe." Kwa hiyo maini nimeacha, Bibi, usinikasirikie.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu Mama apate habari, hamsalimii mume wangu. Sababu unaijua: kupaka magari rangi. Jumamosi alikuja saluni kwangu, wateja wamekaa na vichwa vyao vimelowa, akasema kaka yake hana macho kwa ajili ya rangi ya baba yao, na sasa yeye amelea binti ili aje alale na rangi nyingine. Mume wangu alipoambiwa alicheka, lakini siku hizi akirudi kutoka gereji anavua ovaroli nje ya mlango na kuliacha huko.

Bibi, wewe ndiye msomi wetu. Ni kweli kwamba rangi ya Babu ndiyo iliyomnyima Mjomba macho? Nikimuuliza Mama ananiambia niache kufukua makaburi. Nijibu wewe, nitaamini.

Chiriku wako

*

Ijumaa, 22 Februari

Chiriku,

Swali lako nitalijibu, nipe muda kidogo. Kwanza fanya hili. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi ya kumpa daktari, si muuguzi, daktari wa hospitali kubwa. Nimemwandikia apime vitamini A katika damu yako, pamoja na protini inayoibeba. Mwambie katika ukoo wenu kuna mtu aliyezaliwa bila macho. Usimeze kidonge chochote kwa akili yako mwenyewe, wala kwa akili yangu. Muuguzi wako alisema kweli.

Mama yako usimwambie kitu kwa sasa. Naandika mbiombio kwa sababu Mjomba wako amesimama mlangoni ameshavaa viatu, ananiuliza kama naandika barua au kitabu.

Bibi

*

Alhamisi, 7 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Nimekuelewa hata kwa yale ambayo hukuyasema. Kama rangi si kitu, ungeandika mstari mmoja tu: rangi si kitu. Hukuandika. Ulinitaka niende kwa daktari mkubwa na nimwambie habari za Mjomba. Nilimsomea mume wangu barua yako, akaichukua akaisoma mwenyewe, akaikunja akanirudishia.

Ijumaa alimwachia mwenzake mashine yake ya kupulizia rangi, na sasa anashusha mifuko ya saruji kwenye ghala. Mtu ambaye wateja walikuwa wanamngoja yeye hata akiwa na foleni ya magari! Nilimwambia asubiri tujue kwa hakika. Akasema, "Bibi yako ameshajua, anakuonea huruma tu." Mama sasa anamsalimia vizuri sana, anamwita mwanangu.

Jambo moja tu linaniuma, Bibi. Hagusi tumbo langu tena. Alikuwa kila akirudi lazima aongee nalo, analiambia habari za mpira. Siku hizi anasema ngoja kwanza ile dawa ya rangi imtoke mwilini. Analala akiwa amenipa mgongo ili asinipumulie.

Karatasi ya daktari nimeihifadhi. Sioni faida ya kupima kitu ambacho tumeshakijua. Usihuzunike, sisi hatukulaumu kwa kusema ukweli.

Chiriku wako

*

Jumamosi, 16 Machi

Mjukuu wangu,

Barua hii isome umekaa. Ukimaliza, msomee mume wako leo hii, na umwambie arudi gereji. Avae kinyago kama watu wenye akili, maana ile hewa ina mabaya yake mengine. Lakini mtoto wako haikumgusa. Rangi si kitu. Ndiyo mstari uliokuwa unautafuta, na miaka mingi kabla yako kuna mtu aliyeutafuta kwangu akaukosa.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hutanielewa. Vitamini A ni kitu cha jamii ya mafuta. Maji hayaitaki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ikitoka kwenye ini kwenda machoni, au kwa mtoto tumboni, ni lazima ibebwe. Anayeibeba ni protini moja ndogo, imejikunja kama kikapu kirefu chenye mdomo, na ndani ya kikapu maji hayaingii. Ana ndugu wengi: yuko mmoja kwenye machozi, mmoja kwenye maziwa ya ng'ombe, mwingine kwenye mkojo wa panya, yeye anashika harufu isitawanyike upesi. Ukoo mzima kazi yao inafanana, kushika kitu kidogo kisichopatana na maji na kukifikisha kinakotakiwa. Nilimpenda sana huyu wa damu. Babu yako alikuwa akinitania kwamba nina mume wa pili.

Sasa, maabara yetu ilikuwa na desturi. Tulipopima damu za watoto wagonjwa tulihitaji damu ya mtu mzima mwenye afya ya kulinganishia, na hatukwenda kuitafuta mbali. Tulikunja mikono ya makoti, tukachomana sindano wenyewe kwa wenyewe huku tukitaniana nani ana mishipa inayoteleza kama kijoka. Damu yangu ndiyo iliyopendwa, kwa sababu sikuwahi kuugua hata mafua. Nilikuwa kipimo cha uzima pale.

Siku moja nilikuwa napima namna mbebaji anavyoushika mzigo wake. Damu za watoto wagonjwa zilishika. Yangu iliangusha. Nilidhani mashine imeharibika, nikarudia. Nilidhani nimekosea chupa, nikajichoma upya, nikarudia tena. Nusu ya wabebaji wangu walikuwa wazima, na nusu walikuwa wanaangusha mzigo njiani. Mimi sikuumwa kwa sababu ile nusu nzima ilinitosha. Lakini tulishafundishwa wote kwamba nguruwe jike aliyekosa vitamini A anazaa watoto wasio na macho. Nilikuwa na mtoto wa kiume asiye na macho, yuko darasa la pili.

Nilimwaga damu yangu kwenye sinki. Nikawaambia wenzangu imeharibikia kwenye jokofu, nikamwomba mwenzangu mmoja anipe mkono wake, na tangu siku hiyo sikujitolea tena. Hakuna aliyeuliza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshastaafu, watu wengine wakagundua lililobaki. Mbebaji mwenye kasoro hii akifika kwenye mlango wa seli anaung'ang'ania akiwa mikono mitupu, na wenzake wenye mzigo wanakosa pa kupitia. Ndiyo maana inadhuru hasa inapokuwa kwenye damu ya mama, wiki zile za mwanzo macho yanapoanza kujengwa. Si damu ya baba, Chiriku. Ya mama. Nilisoma nikavua miwani, nikakaa nayo mapajani mpaka Mjomba wako akaniuliza mbona nimenyamaza.

Babu yako alikuwa mchora mabango. Mjomba wako alipozaliwa, mkunga alimuuliza anafanya kazi gani, akasema rangi, mkunga akatikisa kichwa. Basi, hukumu ikapita hapo hapo mlangoni. Wiki hiyo hiyo aliacha brashi, akaenda kulinda ghala, na alilinda ghala mpaka alipokufa. Miaka ile ya mwanzo sikuwa nimedanganya, maana hata mimi niliamini. Uongo ulianza jioni niliyorudi kutoka maabara. Nilimkuta anamfunga kijana kamba za viatu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Akainua uso akaniambia, "Pole na kazi." Nikasema nimeshapoa.

Umeniita msomi, basi nikuambie usomi wangu umegundua nini kuhusu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshamsamehe. Nilizoea kuwa mwenye kusamehe. Ni kiti kizuri, mjukuu wangu, na aliyekikalia hainuki kwa hiari yake. Mama mkwe wangu alikuwa akiniambia mbele za watu kwamba mwanawe hakustahili mke kama mimi. Nilimwacha aseme.

Mama yako alipokuwa na mimba yako sikumwambia. Miezi yote ile nilikula nikihesabu tonge. Ulipofumbua macho nililia mpaka mkunga akanitoa nje. Nikajiambia basi, limepita. Halijapita. Nilipokuandikia habari za maini nilitaka kukuponya bila wewe kujua ugonjwa. Nilipokuandikia habari za daktari nilitaka hivyo hivyo tena, na matokeo yake nimemnyang'anya kazi mwanaume wa pili.

Macho ya mtoto wako sasa yameshajengwa au hayakujengwa, na hakuna chakula kitakachobadilisha. Pima, ili ujue, na ili wanaokuja baada ya huyu wasikutwe hivi. Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nimeshaona karatasi inavyonifanya niwe mwoga.

Bibi yako

*

Jumatatu, 6 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Mume wangu amerudi gereji. Nilipomsomea alivaa viatu akaenda kuchukua mashine yake. Aliporudi aliweka mkono tumboni, hakuutoa mpaka chakula kikapoa. Mama nilimwambia saluni baada ya kufunga. Alikaa sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa. Alisema tu kwamba wakati wa mazishi ya Babu alikataa kumbusu. Alikuwa msichana mkubwa tayari, Bibi. Alikataa kwa ajili ya kaka yake.

Majibu yametoka. Kasoro ninayo. Mama pia anayo. Tumepigwa picha ya tumbo: jicho la kulia lipo, mtaalamu ametuonyesha na duara lake. La kushoto mtoto alikuwa ameliegemeza kwenye kondo, halikuonekana. Tumeambiwa turudi mwishoni mwa mwezi.

Nilimpigia Mjomba simu kazini. Alinipokea kwa sauti yake ya ofisi, "Hospitali, nikuunganishe na nani?" halafu akanitania kwamba nikizaa mtoto mwenye mdomo kama wangu atakata laini. Ndipo nikajua kwamba hajui. Barua zote hizi amezibeba yeye kwenye mfuko wa shati. Ile ndefu pia.

Mwambie, Bibi. Si mimi nitakayemwambia wala si Mama. Na majibu ya picha ya pili sitakuandikia wewe. Nitamwandikia yeye, kwa nukta zake, kuna mwalimu wa chuo cha wasioona hapa kwetu atanisaidia. Nataka kwa mara ya kwanza barua ya ukoo huu imfikie na asihitaji mtu wa kumsomea. Akitaka kukuambia atakuambia, wakati atakaotaka yeye.

Mjukuu wako

*

Jumanne, 14 Mei

Mjukuu wangu,

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili baada ya chai. Nilimwambia akae, akasema amekaa. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, lakini vibaya zaidi, bila mpangilio, nikirudi nyuma na kusahihisha. Hakunikatiza. Vidole vyake vilikuwa vinakusanya makombo mezani.

Aliuliza kama baba yake alijua. Nikasema hapana. Akauliza mimi nilijua lini. Nikasema ulikuwa darasa la pili.

Halafu akaniambia kwamba baba yake hakuwahi kumshika bila kunawa kwanza, mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni ya kufulia. Utotoni alijua baba amerudi kwa kusikia mfereji ukifunguliwa, si kwa sauti ya mlango, na akadhani kila baba duniani ananuka sabuni. Alisema, "Mimi nilikuwa nausikia ule mfereji tu, Mama. Wewe ulikuwa unamwona."

Akachukua fimbo yake akaenda kazini, na haikuwa zamu yake.

Tangu siku hiyo ananipikia uji, ananipa dawa kwa saa zake, nikimuuliza ananijibu. Ila haanzishi mazungumzo. Zamani alikuwa akirudi ananiigiza sauti za wote waliopiga simu hospitalini, mpaka za mkurugenzi. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Barua hii ameniuliza ina nini kabla ya kuipokea. Hajawahi kuniuliza hivyo. Nimemsomea yote, hata hapa. Amesema sawa.

Nasubiri mwisho wa mwezi kama ulivyoamua. Ni haki yako.

Bibi yako

*

Jumapili, 2 Juni

Chiriku,

Napiga taipu mwenyewe, kama kuna herufi zilizopandana uzisamehe. Mama yako ataipeleka barua hii akirudi huko kesho, nimeifunga kwa gundi vizuri. Najua umekatazwa kusafiri na ndiyo maana hukuja kumzika Bibi yako. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia, nawe una haki ya kujua barua yako ilifikaje.

Ilifika Jumatano mchana. Nilipoishika nikajua kwa unene wa karatasi. Nilikaa mezani nikaisoma, nikausoma tena ule mstari. Macho yote mawili yapo. La kushoto limeonekana, ni zima kama mwenzake. Niliweka kidole hapo kwenye neno "mawili" na sikukiondoa. Miaka yangu yote, mtoto wa dada, nimesomewa habari njema na sauti za watu wengine. Hii niliipata mimi wa kwanza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Aliiona karatasi. Akaniuliza, "Inasemaje?"

Nikasema, "Anatusalimia."

Nilitaka asubiri. Nakuapia si zaidi ya mpaka jioni. Nilitaka akae kidogo tu mahali alipomweka Baba, ajue palivyo, halafu nimwambie. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyosema.

Hakunibembeleza. Alisema, "Haya, mwanangu. Ukiwa tayari." Akageukia dirishani.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo. Nilivyomaliza nikaosha na vile vilivyokuwa safi. Niliporudi nikamwita, nikadhani ni masikio yake, nikamwita kwa nguvu. Halafu nikamshika mkono.

Nilimwambia hata hivyo. Niliinama sikioni nikamwambia kwa sauti kubwa ile tuliyozoea kumsemesha nayo, yana macho mawili, Mama, mawili, wala sikujali kwamba nimekosea kusema. Nilisema mpaka jirani akaingia akaniondoa.

Mama yako alipofika, kitu cha kwanza alichoniuliza, kabla hata ya kuweka mkoba chini, ni kama Mama alipata habari za mtoto. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia alisikia vizuri kabisa, akacheka, akasema, "Sasa nipumzike." Dada akanishika mabega akanishukuru, akalia kile kilio kinachomaliza. Jana alikula. Sasa hivi amelala chumba cha pili, namsikia anavyopumua.

Nakuomba umwache aamini hivyo.

Mjomba wako